Maneno saba ya Ibara ya 63 yanayoamua mkataba upi uende Bungeni na upi usiende

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jana jioni kijiweni palichafuka. Redio ilitaja azimio la kuridhia mkataba fulani, yaani nchi kukubali rasmi kufungwa nao baada ya saini, jamaa mmoja akadakia: "Serikali haiwezi kusaini mkataba wowote bila Bunge, Katiba imekataza." Mwenzake akamrukia kabla hajameza kahawa: "Acha kudanganya watu, Serikali inasaini inachotaka, Bunge ni muhuri tu." Wakabishana mpaka muuza kahawa akabeba birika lake akaondoka. Mimi nimeandika mihtasari ya vikao kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nina ugonjwa wa kutaka kuona maandishi. Nikarudi nyumbani nikachomoa Katiba yangu iliyong'oka jalada, nikafungua Ibara ya 63. Wote wawili wamekosea, na wamekosea mahali pamoja.

Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataja kazi hii ya Bunge: "kujadili na kuridhia mikataba yote inayohusu Jamhuri ya Muungano na ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa."

Wengi wakifika "mikataba yote inayohusu Jamhuri ya Muungano" wanafunga kitabu. Kuna mkia. "Na ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa." Hesabuni, ni maneno saba. Hiyo "yake" hairudi kwa Katiba wala kwa Bunge. Inarudi kwa mikataba yenyewe. Maana yake mkataba ndio unaosema kama unataka kuridhiwa au hautaki. Ukisema unataka, unakwenda Dodoma. Usiposema, kifungu hiki hakiugusi.

Mfano wa uliosema. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika, AfCFTA, ulisainiwa Kigali tarehe 21 Machi 2018, na sisi tulikuwemo. Ibara yake ya 23 inasema utaanza kutumika siku 30 baada ya nchi ya 22 kuwasilisha hati ya kuridhia. Nchi hizo zikapatikana, ukaanza tarehe 30 Mei 2019. Sisi bado. Bunge letu liliuridhia Septemba 2021. Kwa miaka mitatu na zaidi saini yetu ilikuwepo na tulikuwa hatujafungwa. Kwa hiyo aliyesema Serikali haiwezi kusaini bila Bunge, hapo amekwama: ilisaini kwanza, Bunge likaja baadaye. Na aliyesema Bunge ni muhuri tu naye amekwama, maana bila ule muhuri tusingekuwemo.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Ibara ya mwisho ya mkataba, ile ya "utaanza kutumika lini", inaandikwa na nani? Inaandikwa mezani na wataalamu wa Serikali yetu na wenzao wa upande wa pili, pengine mwaka mzima kabla mbunge hajasikia habari. Ufunguo wa mlango wa Bunge unachongwa na mtu ambaye mlango ule uliwekwa ili umsimamie yeye. Wakiandika "utaanza siku ya kusainiwa", mlango haufunguliwi, na hakuna aliyevunja Katiba.

Naomba tujadili kwa hoja. Matusi pelekeni jukwaa la mpira.

Mchuuzi wa Kariakoo

Naweka kigoda. Endeleeni.

Wakili wa Buza

Mkuu Karani, heshima yako. Umeusoma mkia vizuri, ila unaulaumu bure.

Mosi, mataifa yana njia nyingi za kukubali kufungwa na mkataba. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unazitaja kwenye Ibara ya 11: kusaini, kubadilishana hati, kuridhia, kujiunga na kadhalika. Kuridhia ni njia mojawapo. Katiba yetu haikuzua kitu kwa kusema "ile inayohitaji kuridhiwa". Imefuata jinsi dunia inavyofanya kazi.

Pili, fikiria kwa vitendo. Makubaliano ya safari za ndege, ya masafa ya redio mpakani, ya kubadilishana walimu, ya kufuta viza kwa wenye pasipoti za kidiplomasia, ya msaada wa kujenga zahanati. Kila moja lipite kwenye kamati, lisomwe, lijadiliwe, lipigiwe kura? Wabunge hawatatoka Dodoma, na hiyo zahanati itajengwa wajukuu wetu wakiwa wastaafu.

Tatu, neno ambalo wewe mwenyewe umelipita. Rudi juu kidogo pale kifungu kidogo cha (3) kinapoanza: "Kwa madhumuni ya utekelezaji wa madaraka yake Bunge laweza", halafu ndipo inakuja orodha: kumwuliza Waziri swali, kujadili utekelezaji wa kila wizara, na kadhalika mpaka (e). *Laweza*. Ukitaka kukesha na neno, kesha na hilo.

Karani Mstaafu

Wakili, hilo la "laweza" umenipiga nalo. Nimesoma kifungu mara ishirini nikiruka kichwa chake. Nimekubali.

Ila hoja ya zahanati siinunui yote. Sijasema makubaliano ya walimu yaende Bungeni. Ninachosema ni kwamba kipimo kilichowekwa ni cha *umbo*. Uzito haupimwi. Katiba ingeweza kusema: mkataba wowote unaogusa ardhi, mipaka, kodi, majeshi, deni la taifa au haki za raia lazima uridhiwe, hata wenyewe ukinyamaza. Haikusema hivyo. Imeuachia mkataba ujitaje. Kwa hiyo mkataba mdogo wa kitaaluma ulioandikwa kwa heshima zote unaweza kwenda Bungeni, na mzito ulioandikwa kijanja ukapita pembeni.

Binti Sheria

Samahani kaka zangu, mimi niko mwaka wa pili. Hivi ukisharidhiwa na Bunge unakuwa sheria? Mwalimu wetu alisema hapana, lakini kuna mtu darasani akasema Kenya inakuwa.

Wakili wa Buza

Dada, mwalimu wako yuko sahihi, na mwenzako naye yuko sahihi.

Kwetu, azimio la Bunge la kuridhia mkataba si sheria. Sheria inatokana na muswada, na muswada lazima upate kibali cha Rais, soma Ibara ya 97. Azimio halipelekwi kwa Rais kwa kibali. Linaipa Serikali ruhusa ya kwenda kumwambia mwenzake: sasa tumefungwa. Baada ya hapo Serikali inaandaa hati ya kuridhia na kuiwasilisha kwa mtunza mkataba, mathalani Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Lakini mwananchi wa Nanjilinji akienda mahakamani akasema "mkataba unanipa haki hii", hakimu atamuuliza: sheria iko wapi?

Nikupe mfano ambao hautausahau kwenye mtihani. Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1989. Tanzania iliuridhia Juni 1991. Sheria ya Mtoto, Namba 21, ilitungwa mwaka 2009. Toa. Miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mwaka tulioridhia alitimiza utu uzima mwaka tuliotunga sheria ya kumlinda akiwa mtoto.

Mchuuzi wa Kariakoo

Hiyo ya mwisho imeniuma. Mimi ndiye huyo wa 1991.

Binti Sheria

Sasa hiyo miaka 18 mkataba ulikuwa karatasi tu?

Wakili wa Buza

Si karatasi tu. Nje ya nchi tulikuwa tumefungwa. Ndani, majaji wanaweza kuutumia kama taa ya kusomea sheria zilizopo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza iliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza. Mila ilisema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliitupa mila hiyo kwa msingi wa haki ya usawa ndani ya Katiba, na akaegemea pia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ambao Tanzania ilikuwa imeuridhia. Hakukuwa na sheria ya Bunge iliyouingiza mkataba ule nchini. Jaji akasema, kwa lugha yangu, huwezi kuridhia hadharani halafu nyumbani ukajifanya hukusema.

Wanjiku wa Ruiru

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nimetajiwa Kenya, nimekuja.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 2(6), inasema mkataba wowote ulioidhinishwa na Kenya utakuwa sehemu ya sheria za Kenya chini ya Katiba. Hatusubiri miaka 18. Lakini msituonee wivu haraka. Ukishaufanya mkataba uwe sheria moja kwa moja, swali linahamia kwa nani anaidhinisha, maana huyo sasa anatunga sheria. Katiba haikulijibu vizuri, ndipo ikatungwa sheria ya 2012 ya kufanya na kuridhia mikataba: Baraza la Mawaziri likikubali, mkataba unapelekwa Bunge la Kitaifa, umma unashirikishwa, ndipo hati ya kuridhia inaandaliwa.

Na sasa Bwana Karani, hapa utacheka. Sheria hiyo hiyo inasema haihusu makubaliano ya nchi mbili yaliyo ya lazima kwa shughuli za serikali, au yaliyo ya kiufundi, kiutawala na kiutendaji. Nani anaamua kwamba hili ni la kiufundi? Huyo huyo mwenye kalamu. Kwenu mlango mmewekewa kwenye mkia wa sentensi, kwetu umewekwa kwenye kifungu kidogo cha sheria. Mwizi ni yule yule.

Karani Mstaafu

Dada Wanjiku, nimecheka na nimehuzunika kwa pamoja. Karibu sana.

Mzee wa Michenzani

Assalaam alaykum. Nawasoma tangu asubuhi, na naona hakuna aliyetaja visiwani, kama kawaida.

Katiba ya Muungano imeweka Mambo ya Nchi za Nje kwenye Nyongeza ya Kwanza, ni jambo la pili katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo Zanzibar haisaini mkataba wa kimataifa peke yake. Tulijaribu. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, kukawa na zogo Bara, kamati ya Bunge ikasema Katiba imevunjwa, na Agosti 1993 tukatoka. Wakati ule nilikuwa kijana wa ofisini, nakumbuka faili lilivyokuwa likibebwa chini ya kwapa kana kwamba ni bomu.

Mambo ya nje ni ya Muungano, sawa. Lakini mtoto je? Elimu ya msingi je? Hayo si ya Muungano. Mkataba wa Haki za Mtoto umeridhiwa na Jamhuri ya Muungano, ila sheria aliyoitaja Wakili ni ya Bara. Zanzibar tumetunga yetu mwaka 2011. Ongezeni miaka miwili kwenye hesabu yenu ya 18. Na hata sheria ya Bunge inayosema wazi kwamba itatumika Zanzibar, Kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinataka ipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Mkono unaosaini ni mmoja, mikono ya kutekeleza ni miwili, na hiyo miwili haiamkiani kila siku.

Wakili wa Buza

Shikamoo Mzee. Umetukumbusha.

Sauti ya Kigamboni

Mnazunguka mbuyu. Semeni tu bandari. 2023 mkataba wa bandari ulipelekwa Bungeni ukapita siku moja, sasa mnasema Bunge lina kazi gani?

Karani Mstaafu

Ndugu yangu, sikuwa nautoroka, ila nilijua ukitajwa uzi utawaka moto. Twende taratibu.

Kulikuwa na mkataba baina ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Dubai, uliosainiwa Oktoba 2022. Huo ndio uliopelekwa Bungeni, na azimio la kuuridhia likapitishwa tarehe 10 Juni 2023. Watu wakaenda Mahakama Kuu Mbeya kuupinga, shauri likatupwa tarehe 10 Agosti 2023. Halafu tarehe 22 Oktoba 2023, Dodoma, ikasainiwa mikataba mingine na kampuni ya DP World, ya uendeshaji wenyewe wa bandari. Hiyo ya pili haikupelekwa Bungeni kuridhiwa.

Nakumbuka kwenye daladala siku zile, watu watatu walikuwa wanagombana na kila mmoja anasema "mkataba". Wa kwanza anasema umeshasainiwa. Wa pili anasema bado haujasainiwa. Wa tatu anasema una ukomo wa miaka, wa kwanza anasema hauna. Ilikuwa Septemba. Mmoja anauongelea ule wa serikali na serikali, mwingine anauongelea wa kampuni ambao haujazaliwa. Wote wana haki!

Lugha yetu tamu imetunyima kitu hapa. Neno "mkataba" kwa Kiswahili linabeba makubaliano ya mataifa, mkataba wa kupanga chumba, mkataba wa ajira, mkataba wa kuchimba dhahabu. Tafsiri ya Kiingereza ya hiyo 63(3)(e) imelazimika kuweka maneno mawili pale ambapo Kiswahili kina moja. Kwa hiyo mwananchi akisoma "mikataba yote", anaingiza na ule wa mgodi. Huo wa mgodi una njia yake: mwaka 2017 zilitungwa Sheria Namba 5 na Namba 6 za maliasili na utajiri wa nchi, zinazolipa Bunge nafasi ya kupitia mikataba ya rasilimali na kutaka masharti yenye hila yajadiliwe upya. Hilo si kuridhia.

Sauti ya Kigamboni

Sawa, hapo kwenye daladala umenigusa, mimi huenda nilikuwa yule wa tatu. Lakini swali langu liko pale pale. Muda wa kusoma je?

Mama Mkulima

Muda wa kusoma nitausema mimi, maana niliwahi kukaa kwenye kiti hicho.

Miaka ya nyuma niliitwa kama mdau kutoa maoni juu ya mkataba mmoja, siutaji, wala sisemi kamati ipi. Ujumbe uliingia kwenye simu saa kumi na moja jioni. Kikao kesho yake saa tatu asubuhi, mji mwingine. Nililala kwenye basi. Mlangoni nikapewa bahasha. Ndani kulikuwa na azimio kwa Kiswahili, kurasa tatu, na mkataba wenyewe kwa Kiingereza, zaidi ya kurasa mia. Viambatisho, wakasema, "vinachapishwa".

Pembeni yangu alikaa mzee wa chama cha ushirika, kavua miwani anaifuta kwa kanga yangu bila kuomba. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: "Mama, neno hili linatulazimisha au linaturuhusu?" Nikamwambia linatulazimisha. Akafungua azimio la Kiswahili, akaweka kidole cha mkono wa pili. Pale pameandikwa nchi wanachama "zinaweza". Tukanyoosha mkono. Mwenyekiti kasema vizuri tu, mchango umepokelewa, tuendelee, muda si rafiki.

Sijui kama walirekebisha. Mzee wa ushirika alirudi kwao na bahasha yake, akasema atamsomea mjukuu.

Wakili wa Buza

Mama, hiyo ya "zinaweza" ingekuwa mahakamani tungeishinda kesi nusu saa.

Mpiga Makasia

Nauliza kama mtu wa kawaida: tukikosea kuridhia, kwani hatuwezi kujitoa? Tunasema Bunge letu limebadilisha sheria, kwaherini.

Wakili wa Buza

Hapo ndipo penye gharama kaka. Ibara ya 27 ya ule Mkataba wa Vienna inasema nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama kisingizio cha kutotekeleza mkataba. Mwaka 2017 Bunge lilibadilisha sheria ya madini na leseni za kuhodhi maeneo zikafutwa. Ni haki yetu kama nchi, wengi tulipiga makofi. Lakini kulikuwa na mkataba wa 1994 na Uingereza wa kulinda vitega uchumi. Wenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, kule Nachingwea, wakautumia, na Julai 2023 baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, likaamua tuwalipe zaidi ya dola za Marekani milioni 109. Baadaye yakafanyika maelewano ya kiasi pungufu. Mkataba wa 1994 haukujali Bunge la 2017 limesema nini.

Kuna mwanya mdogo kwenye Ibara ya 46: nchi inaweza kusema ridhaa yake ni batili kwa kuwa sheria yake ya ndani kuhusu nani ana mamlaka ya kuingia mikataba ilivunjwa. Ila uvunjaji uwe wa dhahiri, na kanuni iliyovunjwa iwe ya msingi sana. Sasa soma tena maneno saba ya Karani, halafu uniambie kama kuna mgeni atakayeona uvunjaji "wa dhahiri" ikiwa mkataba wenyewe ulisema unaanza siku ya saini.

Na kuhusu kujitoa kwa kufuata utaratibu, ndiyo, inawezekana, mikataba mingi ina ibara ya kujitoa. Lakini angalieni Katiba yetu: imesema *kuridhia*. *Kujitoa* haikukutaja kabisa.

Karani Mstaafu

Naam! Nilitaka kulifungulia uzi wake hili. Mwaka 2010 Tanzania iliweka tamko la kuruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyoko Arusha. Novemba 2019 tamko likaondolewa, na uondoaji ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Mahakama iko nyumbani kwetu, na mwananchi wetu hawezi tena kuipigia hodi mwenyewe.

Wakili wa Buza

Sahihisho dogo: kilichoondolewa ni tamko chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha mahakama hiyo. Itifaki yenyewe bado tumo. Serikali itakuambia tamko si mkataba.

Karani Mstaafu

Umeona sasa? *Umbo* tena. Linganisha na Afrika Kusini. Oktoba 2016 serikali yao ilipeleka taarifa ya kujitoa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Februari 2017 Mahakama Kuu kule ikasema: Bunge ndilo lililoidhinisha kuingia, huwezi kutoka bila kulirudia. Taarifa ikafutwa mwezi uliofuata. Katiba yao nayo haina neno la kujitoa. Majaji walilisoma ndani ya lile la kuingia.

Mzee wa Michenzani

Vijana, msidhani haya yameanza jana. Siku ile ile Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, Nyerere aliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili iliyorithiwa kwa Mwingereza itaheshimiwa kwa miaka miwili, na baada ya hapo ile isiyofanyiwa makubaliano mapya itakoma. Julai 1962 Tanganyika ikaziambia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya maji ya Nile ya mwaka 1929 hayaifungi. Miaka 48 baadaye, Mei 2010, tukasaini mkataba mpya wa Nile. Bunge likaridhia 2015. Ukaanza kutumika Oktoba 2024. Maji yenyewe yanatoka Ziwa Victoria yanafika Misri kwa miezi michache tu.

Mchuuzi wa Kariakoo

Mzee, shikamoo tena. Hiyo ya maji kufika kabla ya karatasi naiba.

Wakili wa Buza

Na mtu akisema Bunge letu halijawahi kusema hapana, akumbuke mkataba wa ubia wa kiuchumi, EPA, kati ya Afrika Mashariki na Ulaya. Kenya na Rwanda walisaini Septemba 2016. Sisi Novemba mwaka huo ulijadiliwa Bungeni kabla ya saini yetu, na wabunge wakaitaka Serikali isisaini. Hakuna kifungu kilichowalazimisha kuuleta mapema vile. "Laweza" ikafanya kazi upande wa pili.

Karani Mstaafu

Huo mfano unanifaa mimi kuliko unavyokufaa wewe, ila naupokea. Kama unaweza kuletwa kabla ya saini kwa sababu Serikali imependa, kinachotuzuia kuuandika kama wajibu ni nini?

Wakili wa Buza

Kinachotuzuia ni watu wa kuandika Katiba, mkuu. Hilo nenda nalo kijiweni.

Binti Sheria

Wakuu, nimefanya zoezi. Niko mafunzo kwa vitendo ofisi fulani, leo nimepewa nipange makabrasha. Kulikuwa na hati ya makubaliano ya nchi mbili, kurasa kumi na moja, mihuri miwili, utepe. Nikaruka yote nikaenda ukurasa wa mwisho kama Karani alivyosema. Ibara ya mwisho kabla ya saini: itaanza kutumika tarehe ya kusainiwa na pande zote mbili, itadumu miaka mitano, itajirefusha yenyewe kwa miaka mitano mingine isipokuwa upande mmoja ukatae kwa maandishi. Neno kuridhia nimelitafuta hati nzima. Halipo.

Karani Mstaafu

Inahusu nini?

Binti Sheria

Siwezi kuandika hapa kaka. Ila si walimu, na si zahanati.